Ndama wa Mti: Mfundishe Mtoto Kazi ya Kamba

Kila mfugaji hutumia kamba. Ng'ombe hushikwa kwa kamba siku ya chanjo. Ndama hufungwa kwa kamba wakati mama yake anakamuliwa. Maksai huongozwa kwa kamba. Kwa hiyo mtoto wa mfugaji hushika kamba mapema, pengine kabla hajashika kalamu.

Lakini ni nani humfundisha? Mara nyingi mtoto hupewa kamba tu, akaambiwa, "Haya, mkamate ndama yule." Huo si mwanzo mwema. Ndama mwenye miezi michache ana nguvu kuliko mtoto wa miaka minane.

Hatari ni tatu. Kwanza, mtoto huzungusha kamba mkononi ili isimponyoke. Ndama akikimbia, kamba humkaza mkono na mtoto huburutwa. Pili, mtoto humfunga ndama shingoni kwa tanzi. Tanzi ni fundo linalojikaza kila kamba inapovutwa. Ndama akivuta usiku, hujinyonga. Asubuhi mwenye mali hukuta mzoga. Tatu, ndama aliyeumizwa kwa kamba huanza kuogopa watu. Akikua huwa mkali, na kumshika ni taabu.

Kinga yake si ngumu. Mtengenezee mwanao ndama wa mti. Mti haupigi teke wala haukimbii. Mtoto akikosea, hapana anayeumia.

Wenzetu wafanyavyo

Jambo hili linajulikana mbali. Huko Mexico na magharibi mwa Marekani, wachungaji hukamata ng'ombe kwa kurusha kamba kutoka juu ya farasi. Watoto wao hawaanzi na ng'ombe. Huanza na kichwa cha ng'ombe cha kuigiza, kilichowekwa juu ya fremu ya mti au ya chuma, au kilichochomekwa kwenye robota la majani makavu. Hurusha kamba hapo mara nyingi, mpaka mkono uzoee.

Sisi hukamata ng'ombe kwa miguu, ndani ya zizi. Kazi yetu ni kufunga zaidi kuliko kurusha. Kwa hiyo ndama wetu wa mti awe na shingo, pembe na miguu, ili mtoto ajifunze kufunga.

Vitu vinavyotakiwa

Tafuta vitu hivi:
Gogo moja la urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 20.
Miti 4 ya miguu, kila mmoja sentimita 60, unene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima.
Mti mmoja wa shingo, sentimita 50.
Kipande cha mti cha kichwa, sentimita 35.
Tawi kavu lenye panda, liwe pembe.
Misumari mirefu, nyundo, shoka, msumeno na patasi.
Gunia kuukuu na majani makavu.
Kamba ya katani ya mita 5, unene kama kidole cha mtu mzima.

Namna ya kutengeneza

1. Toboa matundu manne upande wa chini wa gogo, mawili mbele na mawili nyuma. Kila tundu liwe na kina cha sentimita 8. Yatoboe kwa mshazari, ili miguu itanuke kwa nje. Miguu iliyosimama wima huangusha ndama.

2. Chonga ncha za miguu ziingie kwa nguvu. Zigonge kwa nyundo. Msimamishe ndama. Akiyumba, punguza mguu ulio mrefu.

3. Pigilia shingo mbele ya gogo ikielekea juu. Tumia misumari mitatu au zaidi, kwa sababu hapo ndipo mtoto atakapovuta. Kisha pigilia kichwa juu ya shingo, na pembe juu ya kichwa.

4. Funika gogo kwa gunia, ulijaze majani ndani na kulishona. Mtoto akiangukia hapo hataumia sana.

5. Pitisha kiganja mahali pote. Msumari uliotokeza ukunjwe. Ncha za pembe zikatwe ziwe butu.

Mgongo wa ndama huyu utakuwa kiasi cha sentimita 70 kutoka chini. Kimo hicho kinamfaa mtoto wa miaka saba hadi kumi. Mweke karibu na nguzo imara.

Masomo manne

Somo la kwanza ni kushika kamba. Mtoto aikunje kamba iliyobaki na kuishika kiganjani, kama mtu ashikavyo mpini wa jembe. Asiizungushe mkononi, kiunoni wala shingoni kamwe. Wewe shika upande wa pili na uvute ghafula. Mtoto aiachie mara moja. Rudieni mpaka aiachie bila kufikiri. Kamba ikiponyoka, ndama atatafutwa. Mkono ukikatika haupatikani tena.

Somo la pili ni fundo lisilojikaza, yaani fundo la shingoni. Zungusha ncha ya kamba kwenye shingo ya ndama wa mti. Katika sehemu ndefu ya kamba fanya jicho dogo. Sehemu inayokwenda shingoni ilale juu ya sehemu ndefu. Ingiza ncha ndani ya jicho kutoka chini. Ipitishe nyuma ya sehemu ndefu. Irudishe ndani ya jicho kutoka juu. Kaza. Sasa vuta kwa nguvu. Kitanzi cha shingoni kikipungua, fundo si sahihi. Fungua, anza tena. Kiganja kiweze kupita kati ya kamba na shingo.

Somo la tatu ni fundo la kufyatua, yaani fundo la nguzoni. Ndama akianguka akiwa amefungwa, lazima afunguliwe upesi. Pitisha kamba nyuma ya nguzo. Kwa sehemu yenye ncha fanya kitanzi kidogo, ukilaze juu ya sehemu inayokwenda kwa ndama. Kunja ncha. Ipitishe ikiwa imekunjwa chini ya sehemu hiyo, kisha itoke ndani ya kitanzi. Kaza. Ukivuta ncha, fundo lote hufunguka. Vidole visikae kati ya kamba na nguzo. Huko Marekani wapo wachungaji hodari waliokatwa dole gumba na kamba waliyokuwa wakiizungusha kwenye tandiko la farasi.

Somo la nne ni kurusha. Hapa tanzi hutumika, lakini kwenye pembe tu. Piga fundo kubwa ndani ya duara la tanzi, mahali litakapozuia duara lisifunge kabisa. Mtoto asimame hatua mbili kutoka kwa ndama wa mti, arushe, alegeze, aondoe. Akiweza, arudi nyuma hatua moja.

Robo saa jioni, baada ya shule na kazi za nyumbani, yatosha. Wafundishe wavulana na wasichana, maana wote hukaa na mifugo.

Onyo kubwa

Mwambie mtoto tangu siku ya kwanza: kamba haiwekwi shingoni mwa mtoto mwenzake, hata kwa mchezo wa dakika moja. Baada ya mazoezi kamba itundikwe mahali ambapo wadogo hawafiki.

Siku ya ndama wa kweli

Utajuaje kwamba mtoto amekuwa tayari? Mfunge kitambaa machoni. Akiweza kufunga mafundo yote mawili bila kuona, mikono yake imejua. Ndipo umpe ndama mdogo aliye mpole, na wewe uwe kando yake. Ng'ombe wakubwa wabaki kazi ya watu wazima. Siku ya chanjo, bwana mifugo atamkuta msaidizi mwenye akili, si mtoto wa kuokolewa.

Gogo, misumari na gunia ni gharama ndogo. Ndama aliyenyongwa ni hasara ya miaka. Na mkono wa mtoto hauna bei. Udongo upate ungali maji.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini tanzi halifai shingoni mwa ndama?
2. Mtoto afanye nini ndama akivuta ghafula?
3. Kijijini kwenu watoto hujifunza kufunga ng'ombe kwa njia gani? Je, kuna aliyewahi kuumia?
4. Leteni kamba darasani. Kila mmoja afunge fundo lisilojikaza, kisha jirani yake alivute.