Visanduku vya Viberiti Darasani: Hadithi, Mchezo na Akili Bandia

Katika shule zetu nyingi somo la kompyuta hungoja chumba cha kompyuta, na chumba chenyewe hungoja umeme. Wanafunzi hawangoji. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 programu za akili bandia ziwezazo kuzungumza zimeingia katika simu za wazazi wao, na watoto huyapokea majibu yake kana kwamba yametoka kwa mzee mwenye hekima. Hatuna budi, basi, kuwaonyesha mapema jinsi kitu kisicho na akili kiwezavyo kuonekana kuwa nayo. Kazi hiyo yafaa ianze na hadithi.

Mwalimu na aseme “Paukwa!”, aitikiwe “Pakawa!”, kisha amfikishe Sungura kwenye njia panda: kushoto mto, kulia shamba la Fisi. Hapo anyamaze. Kila kundi lichague njia, liandike yatokeayo katika karatasi moja, na kuishia kwenye njia panda nyingine. Karatasi zikibandikwa ukutani hufanya mti wa hadithi, na mti huo ndio mchezo wa kompyuta katika umbo lake la awali: hali iliyopo, uchaguzi, na hali mpya. Shule zenye kompyuta zaweza kuutia katika Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Zisizo nazo hazikosi kiini cha somo.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 1961 Donald Michie, mtaalamu wa Uingereza, aliunda kwa viberiti 304 na shanga za rangi mashine iliyojifunza kucheza mchezo wa sifuri na misalaba. Viberiti 304 ni vingi mno kwa darasa. Afadhali tutumie Hexapawn, mchezo ulioelezwa na Martin Gardner mwaka 1962, ambao hutaka visanduku 24 tu. Ubao una miraba 9, na kila mchezaji ana vizibo 3 vya soda katika mstari wake wa mwisho. Kizibo husogea mbele mraba mmoja ulio wazi, au hula kwa kwenda mbele kimshazari. Mshindi ni yule afikaye mstari wa mbali, au alaye vizibo vyote vya mwenziwe, au amwachaye asiwe na pa kwenda.

Mwanafunzi huanza, mashine hucheza ya pili. Juu ya kila kisanduku huchorwa hali moja ya ubao, pamoja na mishale ya rangi ionyeshayo hatua ziwezekanazo, na ndani hutiwa ushanga mmoja wa kila rangi. Hali mbili zilizo kama kitu na taswira yake katika kioo huhesabiwa kuwa moja. Zamu ya mashine ifikapo, mtoto hufumba macho na kuchomoa ushanga, na rangi yake ndiyo huamua hatua. Mashine ikishindwa, ushanga wa hatua yake ya mwisho huondolewa. Ikikuta kisanduku kitupu, hukubali kushindwa, na ushanga wa hatua iliyotangulia ndio uondolewao.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi asogeza kizibo cha katikati. Mashine yaweza kukila, au kusogeza kizibo cha pembeni. Ikisogeza cha pembeni, mwanafunzi aliye macho hula kile cha pembeni ya pili, naye papo hapo amekwisha kufika mstari wa mbali. Ushanga ule hutolewa, na kosa lile halirudiwi tena.

Watoto watasema kwamba Bwana Kiberiti “amejifunza”. Mwalimu asiwakatize, awaulize ni kisanduku kipi kijuacho. Swali hili lastahili kipindi kizima. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum alitangaza ELIZA, programu iliyojibu kwa kuyageuza maneno ya msemaji mwenyewe, na watu wazima waliifunulia mioyo yao. Programu za leo ni kubwa kupita kiasi. Badala ya shanga hurekebisha tarakimu nyingi mno, nazo hujifunza kwa maandishi ya watu. Hata hivyo nazo hurekebishwa kwa kufuata matokeo.

Jambo moja husahauliwa na walimu wengi, nalo ndilo tulionalo kuwa la thamani kuliko yote. Mashine moja na ifundishwe na wachezaji hodari wa drafti, na nyingine na wanafunzi walioanza leo. Asiyeiona nafasi ya kula haiadhibu mashine, na ushanga mbaya hubaki ndani. Katika kipindi cha mwisho visanduku vyote vifunguliwe mezani, vya mashine hizi mbili sambamba, na wanafunzi waandike hadithi ya kila ushanga uliobaki: ni nani aliyeuacha, na katika mchezo upi.