Si Udongo Uliooza

Wageni wakipita vijiji vya mwambao wa Tanga, wakaona nyumba za miti na udongo zimemomonyoka chini, neno lao ni moja: umaskini. Siku hizi hata watoto wetu walioko mjini wanalisema. Wakipata visenti wanampelekea mama saruji ili kumsitiri. Nia ni njema, ila saruji hiyo ndiyo inayoua nyumba.

Udongo hunywa maji ya masika, jua likiwaka ukayatoa. Ukishapigwa lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hauna pa kutokea. Fito zinaozea ndani, mchwa wanaingia, mwisho lipu inabanduka bamba zima. Lawama unatupiwa udongo!

Wazee walilijua hilo, na walikuwa na siku yake. Masika yakiisha, mwenye nyumba anaalika ujima. Sehemu iliyolowa inabanduliwa mpaka kwenye ukavu, fito mbovu zinatolewa, mpya zinafungwa. Wasichana wanateka maji, vijana wanakanyaga udongo pamoja na nyasi zilizokatwakatwa. Bibi mmoja mjuzi anaviringa donge, analiangusha kutoka usawa wa kifua. Likisambaratika, mchanga umezidi. Likinata chini kama chapati, mchanga bado. Ukuta wa zamani unarushiwa maji kwanza, la sivyo mpya haushiki. Mkono wa kwanza unaziba mashimo. Ukikauka na kupasukapasuka, unapakwa wa pili, mwembamba, kwa kiganja. Nimeona mawifi waliokuwa hawasemezani wakipokezana madonge, matope hadi viwikoni, na jioni wanakula sinia moja. Dua na ubani wa kuhamia nyumba vingalipo, sina wasiwasi navyo. Ninaoulilia ni ujima.

Kule Djenné, Mali, wenyeji hukusanyika kila mwaka kuukandika msikiti wao mkuu wa udongo, uliojengwa 1907, na mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu 1988. Watu wamewahi kupanda ndege kwenda kuutazama. Kazi ile ile wakiifanya mama zetu, inaitwa ufukara, na vijana wakialikwa wanauliza posho.

Wewe uliye mjini, hela ya saruji nunulia makuti na miti ya kurefusha upenu, maji ya mvua yasirukie ukuta. Chimba mfereji uyapeleke mbali. Kisha njoo na wenzako, mvue viatu, mkandike.