Kumkuta Mzazi Katika Ujana Wake: Nyenzo za Mtoto wa Mfugaji wa Hulugho

Ni nani kati yetu asiyewahi kutamani kumwona babake au mamake kabla hajawa mzazi? Sanaa imelitumia tamanio hili mara nyingi. Katika filamu ya Kimarekani *Back to the Future* (1985), kijana anarejea mwaka wa 1955 na kuwakuta wazaziwe wakiwa wanafunzi wa sekondari. Katika *Petite Maman* (2021) ya Ufaransa, msichana wa miaka minane anakutana msituni na mamake aliye na umri uo huo. Wengine hawahitaji filamu. Wanafungua albamu ya picha tu. Lakini wengi wa wazee wa Hulugho, mji mdogo wa wafugaji katika Kaunti ya Garissa ulio karibu na mpaka wa Somalia na msitu wa Boni, hawana picha hata moja ya utotoni. Makala haya yananuia kueleza jinsi mtoto wa huko anavyoweza kumfikia mzazi wake alipokuwa kijana, na pale ambapo njia hukatika.

Nyenzo ya kwanza inayomjia mtu akilini ni abtirsi, yaani hesabu ya mababu. Mtoto wa Kisomali hufundishwa mapema kutaja jina la babake, la babu, la baba wa babu, na kuendelea hivyo vizazi kumi na zaidi. Ni hazina kubwa. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba abtirsi ni ngazi ya majina matupu: haisemi ni nani kati yao aliyekuwa mcheshi, wala ni nani aliyeogopa giza. Babangu katika abtirsi yangu hana umri wowote. Ni kidato cha kwanza cha ngazi tu.

Nyenzo ya pili ni kitambulisho, nacho aghalabu hupotosha. Wazee wengi wa Kaskazini Mashariki wameandikiwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari, kana kwamba akina mama wote walikubaliana kujifungua siku moja. Cha babangu kinasema 1 Januari 1962.

Iliyonifaa zaidi ni nyenzo ya tatu: mifugo na miaka. Mfugaji hahesabu miaka kwa tarakimu bali huipa majina kwa yale yaliyotokea. Ukame mkubwa wa 1974 hadi 1975 Wasomali huuita Dabadheer, "wenye mkia mrefu", kwa jinsi ulivyokataa kwisha. Nikimwuliza babangu, "Ulikuwa mtu wa namna gani?" hucheka na kuniambia nimesoma kupita kiasi. Nikimwuliza, "Wakati wa Dabadheer ulichunga nini?" huzungumza hadi usiku wa manane. Alikuwa akiwapeleka ng'ombe wakubwa kisimani, mwendo wa usiku, kwa kuwa mchana jua liliwamaliza. Njiani waliwapita arawla, wale swala ambao dunia inawaita hirola, makundi kwa makundi. Leo swala hao wamesalia chini ya 500, na makao yao ni pembe hii yetu. Maradhi ya sotoka na ukame wa miaka ya 1980 viliwafyeka. Kwa hiyo nikitaka kumwona babangu kijana, sharti kwanza niijaze nyika wanyama ambao mimi sikuwakuta.

Sasa msomaji na atazame hesabu. Kwetu mtoto wa miaka sita au saba huanzia ndama. Ng'ombe wakubwa, tena usiku, ni kazi ya kijana aliyekomaa. Kwa kitambulisho chake babangu alikuwa na miaka kumi na miwili tu wakati wa Dabadheer. Kwa kazi yake alikuwa na kumi na sita au zaidi, umri niliokuwa nao mimi katika kidato cha tatu. Hapo ndipo nilipomkuta kwa mara ya kwanza: rika langu, mwenye fimbo begani na usingizi machoni.

Miaka hiyo minne iliyopotea haikuwa mchezo. Kwa zaidi ya miongo sita, kijana wa maeneo haya aliyeomba kitambulisho alipigwa msasa na jopo, akaulizwa habari za wazazi na hata babu zake. Utaratibu huo ulitangazwa kukomeshwa na Rais Ruto huko Wajir Februari 2025. Zamu yangu ilipofika, mimi nilijibu kwa tarehe ya kitambulisho, babangu akajibu kwa ng'ombe. Majibu hayakulingana. Tulirudishwa nyumbani, na mwaka ukapita kabla sijapata karatasi yangu.

Nyuma ya Dabadheer njia huwa nyembamba. Hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki Desemba 1963, ikaondolewa 1991 tu. Katika vita vilivyoitwa vya Shifta, kuanzia 1966, watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo mingi ikafa au kuchukuliwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaeleza mengi. Babangu hayaelezi. Nikimtajia mwaka huo, huomba chai.

Likizo iliyopita niliacha kuuliza juu ya watu. Nilimwuliza kuhusu ndama.

"Walikuwa saba," akasema. "Mmoja mwekundu, mkaidi, hakukubali kuingia kijijini jioni. Kaka yangu akatoka kumfuata."

"Kaka yako yupi, baba?"

Akanitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia. Abtirsi hupanda kutoka kwa mwana hadi kwa baba. Aliyekufa bila kuacha mtoto hana kidato katika ngazi hiyo. Nilimwuliza alikuwa na umri gani. Babangu akafikiri kidogo, akasema kwamba alikuwa ameanza kupewa ng'ombe wakubwa.