Mkorogo unavyozilaza tezi zako

UTAMKUTA Kariakoo, uso Fanta, vidole Coca-Cola. Watu wanacheka, wanasema kaungua. Hayo ya ngozi kila mtu anayaona. Leo tuzungumze ya ndani, ambayo kioo hakionyeshi.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Uzito wake gramu 4 au 5 tu, lakini bila hiyo hufiki mbali. Ndiyo inayotengeneza kotiso, homoni inayosimamia presha, sukari ya damu na ustahimilivu wa mwili unapougua.

Tezi hii haijiamulii mambo. Bosi wake yuko kichwani, tezi ya pituitari, ukubwa wa punje ya njegere. Kotiso ikipungua anatuma homoni ya kuamrisha nyingine itengenezwe. Ikitosha, ananyamaza.

Sasa njoo kwenye mkorogo. Krimu nyingi zinazochanganywa humo zina klobetaso, steroidi kali inayojifanya kotiso. Ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, ila mwisho ni wiki 2 mfululizo, tena si zaidi ya gramu 50 kwa wiki. Wewe dada unapaka mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka wa 3 huu! (Kaka, usicheke, nawe tunakuona.) Dawa inapenya hadi kwenye damu, bosi anadhani kotiso imejaa, ananyamaza. Tezi za kwenye figo zinakosa amri, zinasinyaa.

Uso unakuwa wa duara, tumbo linatoka, mikono na miguu inakonda, hedhi inavurugika. Mtaani wanasema bwana anamtunza. Kumbe!

Balaa lenyewe ni pale anapoacha ghafla, labda pesa imekata. Steroidi hakuna, tezi nazo zimelala. Ikimpata malaria kali au ajali, mwili unadai kotiso, haipo. Presha inaporomoka, anatapika, anazimia, na anaweza kufa hivi hivi.

Kama umepaka muda mrefu, usijikatishe mwenyewe. Nenda hospitali na kopo lako, mwambie daktari ukweli hata kama unaona aibu. Atakupunguzia taratibu, maana tezi huchukua miezi kuamka. Kipimo ni cha damu, nacho hufanywa asubuhi, wakati kotiso inapotakiwa kuwa juu.