Mama Mkwe, Usaliti na Mgomo wa Chumbani: Mapenzi Yanaposomwa Chuo Kikuu

Mwenzi wako akikwambia anataka kwenda chuo kusoma historia ya maigizo ya Ugiriki na Roma ya kale, swali la kwanza litakalokutoka ni moja: "Halafu utakula nini?" Ni swali la haki. Ada si mchezo, na mwenye nyumba hasubiri. Ila kabla hujamkatisha tamaa, jua kwanza anachokwenda kusoma. Wengi tunadhani ni kukariri majina magumu ya miungu. Kumbe sehemu kubwa ni mambo yetu yaleyale: ndoa, wakwe, usaliti, na nani mwenye sauti nyumbani.

Wanaume watupu jukwaani

Athens, karne ya 5 K.K. Kila majira ya kuchipua, kwenye sikukuu ya mungu Dionysus, maelfu ya watu walikaa kwenye mteremko wa kilima kutazama michezo ikishindanishwa. Gharama za kwaya alibebeshwa tajiri wa mji. Waigizaji wote walikuwa wanaume waliovaa barakoa, na kwenye tanzia wenye kuzungumza kwa kawaida hawakuzidi watatu. Kwa hiyo mtu mmoja angeweza kuwa mke anayelia, kisha akabadili barakoa na kurudi kama mzee au mjumbe.

Kazi ya mwanafunzi ni kuijenga picha hiyo upya kwa kutumia magofu, vyungu vilivyochorwa na maandishi machache yaliyosalia. Sophocles aliandika michezo zaidi ya 120, lakini iliyobaki kamili ni 7 tu.

Ndoa tatu za kujadili

*Medea.* Euripides aliuonyesha mchezo huu mwaka 431 K.K. Medea amemsaliti baba yake na kukimbia kwao kwa ajili ya Jason. Sasa Jason anaoa binti wa mfalme wa Corinth, na utetezi wake ni kwamba anafanya hivyo kwa faida ya familia. Unaijua hiyo lugha, eh? Medea analipiza kwa kuwaua watoto wao wawili. Hakuna anayetoka msafi, lakini kila mmoja anapewa nafasi ya kujieleza. Mwaka ule Euripides alishika nafasi ya tatu kati ya washindani watatu.

*Lysistrata.* Mwaka 411 K.K., Athens ikiwa vitani na Sparta, Aristophanes alitunga kichekesho: wanawake wa pande zote wanawanyima waume zao unyumba mpaka amani ipatikane. Mwaka 2009 nchini Kenya, vikundi vya wanawake viliitisha mgomo kama huo wa wiki moja, kuwashinikiza Rais Kibaki na Waziri Mkuu Odinga wamalize mvutano wao. Tofauti ni kubwa: ule wa Athens uliandikwa na mwanaume na kuchezwa na wanaume. Huu wa Kenya uliitishwa na wanawake wenyewe.

*Hecyra*, yaani Mama Mkwe. Mtunzi ni Terence wa Roma, ambaye habari za kale zinasema alizaliwa Carthage, Afrika Kaskazini, akapelekwa Roma kama mtumwa. Bi harusi amerudi kwao, na lawama zote zinamwangukia mama mkwe. Mama huyo yuko tayari hata kuhamia shamba ili ndoa ya mwanaye ipone. Ukweli ukifichuka, chanzo ni uovu alioufanya mume mwenyewe kabla ya harusi. Mwaka 165 K.K. mchezo ulivunjika baada ya watu kuvutwa na habari za mabondia na mtembea juu ya kamba. Ulivunjika tena mwaka 160 K.K., kisha mwaka huohuo ukachezwa hadi mwisho.

Sasa, ajira je?

Tusidanganyane. Digrii hii haikupi kazi yenye jina moja kwa moja kama uuguzi au uhasibu. Inakupa uwezo wa kupima ushahidi mchache, kusikiliza pande mbili na kuandika hoja ikaeleweka. Huo ni mtaji kwa mwalimu, mwandishi wa habari, mtu wa makumbusho au mtunzi wa filamu. Ola Rotimi wa Nigeria alikihamishia kisa cha Oedipus katika jamii ya Wayoruba mwaka 1968. Wole Soyinka aliutunga upya mchezo wa Bacchae, na ukachezwa National Theatre ya London mwaka 1973.

Kabla ya kusema ndiyo au hapana

- Kaeni chini na hesabu: nani analipa, kwa miaka mingapi, na nani atabeba nyumba wakati huo.
- Ombeni muhtasari wa kozi. Je, kuna lugha ya kale ya lazima? Kuna uigizaji, au ni vitabu tu?
- Aulize anayekwenda kusoma: ukimaliza, utabisha hodi wapi kwanza? Akikosa jibu, atafute kabla ya kulipa ada.
- Jioni moja zimeni televisheni, someni kwa sauti ugomvi wa Medea na Jason. Mwanaume awe Medea, mwanamke awe Jason. Mkimaliza, kila mmoja aseme ni sentensi gani aliwahi kuisikia humo ndani.