Ndege Mgeni Nje ya Msimu Wake

Katika msitu unaozunguka magofu ya Gede, Kaunti ya Kilifi, huonekana ndege mwimbaji adimu mwenye kifua cheupe chenye madoa meusi. Wataalamu humwita Geokichla guttata. Hufika pwani ya Kenya karibu na mwezi wa Aprili, na kufikia Novemba huwa amerudi kusini kuzaliana. Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, Tanzania, ni mojawapo ya mahali anapozaliana.

Je, akionekana Januari? Huenda ni mgonjwa au amepotea njia. Huenda pia amefananishwa na ndege mwingine. Kuonekana mara moja hakutoshi kusema kwamba tabia ya nchi ndiyo sababu. Kumbukumbu za miaka mingi ndizo zitakazotuonyesha.

Mkimwona, fanyeni hivi:

1. Andikeni tarehe, saa na mahali.
2. Mpigeni picha kwa mbali bila kumfukuza.
3. Pelekeni taarifa kwa mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013.

Ndege huyu yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hutafuta wadudu na minyoo chini ya majani makavu. Msitu ukifagiliwa, au vichaka vikikatwa kuni, hukosa chakula hata kama miti mikubwa imebaki. Kwa hiyo, kamati zinapopanga kupanda miche, zilinde kwanza vichaka vilivyopo. Nao wafadhili wasihesabu miche tu. Waulize pia kama mgeni huyu amerudi.