Sanamu Zisizochongwa

Tusikiapo habari za kuabudu sanamu, mara twakumbuka ndama ya dhahabu ya Waisraeli kule jangwani. Twasema, "Hayo hayatuhusu, sisi twasali kila Jumapili." Lakini amri ya Mungu yakataza zaidi ya vinyago. Sanamu ni kitu cho chote kinachopewa nafasi ya Mungu: kile tunachokitii hata Mungu akikataza, au tunachokitumaini kuliko yeye. Chaweza kuwa kitu kibaya, na chaweza pia kuwa kitu chema kabisa.

Tutazame mfano wa jirani zetu wa Uganda. Tangu kale Waganda walikuwa na miungu iliyoitwa balubaale, kama Mukasa wa ziwa na Kibuuka wa vita. Walakini Wakristo waliouawa zama za Kabaka Mwanga, kati ya mwaka 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, wengi wao hawakujaribiwa kwa miungu hiyo. Walijaribiwa kwa vitu ambavyo kila mtu mwema huviheshimu, yaani mfalme na jamaa.

Wengi walikuwa vijana watumishi wa jumba la mfalme, na mkubwa wao alikuwa Karoli Lwanga. Walimtumikia Kabaka kwa bidii katika kazi zao zote. Walikataa jambo moja tu: kutenda yale ambayo sheria ya Mungu yayakataza, hata kama mfalme ameamuru. Mwisho wa mwezi wa Mei 1886 Kabaka aliwakusanya, akaamuru wale wasalio wajitenge upande mmoja. Wakajitenga, wakijua maana yake ni kifo. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto kule Namugongo.

Miongoni mwao alikuwako Mbaga Tuzinde, jamaa yake Mukajanga, mkuu wa wauaji. Jamaa zake walimsihi sana aikane imani ili apone. Alikataa. Kuwapenda jamaa ni wajibu wetu. Lakini siku ile, kama Mbaga angaliwasikiliza, upendo huo ungalikaa mahali pa Mungu.

Je, nguvu hiyo waliipata wapi? Haikuanza siku ya moto. Vijana wale walikuwa na desturi ya kukutana kusali na kujifunza dini pamoja, na usiku wa kuamkia hukumu Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, mmojawapo Kizito, kijana wa miaka ipatayo 14.

Sisi hatuitwi Namugongo, lakini twajaribiwa kila siku. Mwanafunzi afungaye hirizi ili afaulu mtihani ameondoa tumaini lake kwa Mungu. Na yule anunuaye majibu kwa siri, ingawa hana hirizi, amekifanya cheti kuwa mungu wake. Ninyi mliokwisha maliza shule, mkubwa wa kazi akikuambieni mtie sahihi hesabu ya uwongo, nanyi mkatia kwa kuogopa kufukuzwa, basi mshahara umekuwa bwana wenu. Nyumbani nako mtu aweza kushurutishwa na jamaa aende kwa mpiga ramli kumtafuta mchawi. Hapo yafaa akatae kwa heshima, bila kuwatukana wazee, kama vijana wale walivyokataa bila kumwasi mfalme wao.

Njia ya kujilinda si ngumu kuielewa. Sali kila siku, si Jumapili tu. Tafuta rafiki mmoja au wawili wenye nia moja nawe, maana aliye peke yake huchoka upesi. Tena jizoeze kukataa mambo madogo, ili makubwa yakija yasikukute mgeni. Na kila jioni ujiulize, "Kitu gani leo, kama Mungu angaliniambia nikiache, ningalishindwa?" Ukikipata, anzia hapo.